Fundo la Mita Kumi na Moja

Kila Ijumaa jioni Saluha alitumbukiza kamba kwenye ndoo ya maji, na kila Jumamosi asubuhi aliitoa, akaikamua kama nguo, akaitia begani na kwenda nayo uwanjani. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Viganja vyake vilipasuka kwa chokaa, nyufa nyembamba nyeupe ambazo hazikutoa damu wala hazikupona.

Uwanja wa Ain Halfaya haukuwa na nyasi. Ulikuwa udongo mwekundu ulioshindiliwa, na mistari yake ilidumu mechi moja. Baada ya hapo upepo na viatu viliifuta, ikabidi ichorwe upya. Mistari mirefu haikuwa na taabu, ilifuata vigingi vya chuma vilivyopigiliwa ardhini tangu zamani. Duara la katikati na alama mbili za penalti ndivyo vilivyohitaji kamba. Kamba ilikuwa na mafundo mawili: la mita tisa na ushee kwa duara, na la mita kumi na moja kwa penalti. Mafundo aliyafunga Lazhar, mume wake. Kamba yenyewe aliisokota Saluha kwa halfa, zile nyasi ngumu za nyika.

Halfa aliijua kuliko alivyoijua sura yake. Alizaliwa katika kambi ya wang'oaji, na alipofika miaka saba alikwisha kujua kuzungushia majani kwenye kijiti na kuyavuta kwa uzito wa mwili mzima, maana anayevuta kwa mkono mtupu halfa humkata hadi mfupani. Mama yake alimfundisha jambo moja, akalirudia mpaka likawa kama dua: usiikunje ikiwa kavu, itavunjika, iloweke kwanza.

Aliolewa akiwa na miaka ishirini na miwili. Lazhar alikuwa beki wa kushoto wa Mustaqbal, timu ya mji, wakati Mustaqbal ilipokuwa ikicheza na vijiji na kufungwa navyo. Goti lilipovunjika, klabu ilimpa kazi ya kulinda uwanja, pamoja na chumba kimoja na jiko ndani ya ukuta, kando ya geti. Humo waliishi miaka ishirini na minane. Watoto hawakujaliwa. Dirisha la chumba lilitazama goli la kaskazini; goli la kusini lilifichwa na jengo la kubadilishia nguo. Basi Saluha, ambaye siku za mechi hakutoka kwa kuwa uwanja ulikuwa wa wanaume, aliona nusu ya kila mechi na nusu nyingine akaisikia. Alikuwa anaweza kutofautisha, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, kelele ya goli, ya mpira uliogonga mwamba, na ya mwamuzi kutukaniwa mama yake.

Lazhar alikufa mwezi wa nane, saa nne asubuhi, akichora duara la katikati. Saluha alikuwa anamletea chai. Alimkuta amelala ubavu, ndoo ya chokaa imemwagika, na duara limefika nusu. Alisimama na birika mkononi. Baadaye watu walimwambia kuwa hakupiga yowe, kwamba alikwenda kwanza kuiweka birika kivulini. Yeye mwenyewe hakumbuki.

Ganzi ilianza hapo. Haikuwa huzuni, huzuni aliijua, alishawazika wazazi. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona, ni wako, lakini ukiguswa unasikia kwa mbali. Aliingoja ipite kama mkono unavyoamka, kwa michomo. Haikupita.

Wiki ya sita baada ya maziko msimu ulianza, na hakuna aliyekumbuka mistari. Saluha akachukua kamba msumarini. Ilikuwa imening'inia juani wiki zote sita, ngumu kama waya. Akafanya alivyofundishwa, akailoweka. Asubuhi akalimalizia duara pale mume wake alipoachia, akachora penalti mbili. Timu ilicheza. Hakuna aliyemwambia endelea, hakuna aliyemwambia acha, basi akaendelea.

Ndiyo miaka mitatu ambayo Mustaqbal ilipanda. Mwaka wa kwanza ilitoka daraja la tatu. Wa pili ilishika nafasi ya nne katika la pili. Na sasa, wa tatu, ilibaki mechi moja, nyumbani, dhidi ya Bir Zammour, na ushindi ulikuwa ligi kuu. Mji ambao ulijulikana kwa halfa, baridi na watu kuhama, ulianza kutajwa redioni kila Jumapili. Wenye maduka walipaka milango rangi ya kijani. Mtu mmoja alimwita bintiye Mustaqbala, na kadhi hakuweza kumzuia.

Mfungaji wao alikuwa Ghazi Rtimi, dereva wa boza la maji la manispaa, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye miguu ya upinde. Hata jina lilipokua aliendelea na boza, na siku moja kabla ya kila mechi alikuja kunyunyizia uwanja ili vumbi litulie. Nyumbani Ghazi hakukosa penalti hata moja katika miaka mitatu. Ugenini alifunga mbili kati ya saba.

Mkahawani walikuwa na sababu zao.

"Ni dua zetu," alisema mmoja.

"Dua? Wewe hujaswali tangu nchi ipate uhuru."

"Basi ni maji. Ugenini wanampa maji mabaya."

"Ni mama yake. Ugenini mama yake hayupo nyuma ya ukuta kumtukana."

Habari kama hizo zilimfikia Saluha kupitia Fajria, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja na mkate wa tanuru na kukaa kizingitini akisema kwa niaba ya wote wawili. Saluha alisikiliza. Timu ilipanda, na yeye alijua imepanda kama anavyojua kwamba leo ni Jumanne.

Mwezi mmoja kabla ya mechi ya mwisho alikuja Bwana Mhiri, mwenyekiti wa klabu na mwenye kinu cha zeituni. Alibisha mlango uliokuwa wazi, akakataa kiti, kisha akakaa.

"Mama Saluha, wewe ni wa klabu. Hilo halina mjadala."

"Sema, Bwana Mhiri."

"Tukipanda, mambo yatakuwa mengi. Nyasi, kwanza. Halafu mageti ya kuzunguka. Na, hapa... hapa kanuni zinataka chumba cha waandishi wa habari."

"Hapa chumbani kwangu?"

"Ndipo karibu na geti."

"Waandishi wangapi?"

"Kanuni zinasema kumi na wawili."

"Ain Halfaya nzima haina watu kumi na wawili wanaosoma gazeti."

Mwenyekiti alicheka kwa moyo mkunjufu, akafuta macho. "Utakwenda kwa wifi yako Hafsia, nimeshaongea naye, ana chumba cha juu. Na utapewa kadi ya kuingia bure maisha yako yote."

"Na tusipopanda?"

"Mungu apishe mbali! Tusipopanda, kaa humu mpaka ufe, nani atakugusa?"

Alipoondoka, Saluha aliosha gilasi. Alitazama kuta. Pale juu ya kitanda palikuwa na alama ya mafuta ya kichwa cha Lazhar, alipokuwa akiegemea kusikiliza redio. Alitambua kwamba hicho ndicho kitu pekee duniani ambacho hakutaka kupoteza. Alilitambua vizuri kabisa, kwa akili. Akaona haya kwamba hata hilo halikumuuma.

Ijumaa kabla ya mechi, mabomba yalikauka mji mzima. Katika mtungi palibaki maji ya kunywa na ya udhu. Saluha hakuloweka kamba. Jumamosi asubuhi aliishusha ikiwa kavu, na kwa vile ilishazoea kukunjwa, haikuvunjika.

Alianza na goli la kaskazini. Alikanyaga ncha moja kwenye mstari, akavuta, akainama na ndoo. Fundo lilipita alama ya zamani.

Alama ya zamani ilikuwa bado inaonekana, doa jeupe lililofifia, la mechi ya wiki mbili nyuma. Fundo lilikuwa mbele yake kwa shubiri tatu. Akarudia. Shubiri tatu. Akavuka uwanja hadi goli la kusini, akapima huko. Shubiri tatu.

Alikwenda kwa Ammar, fundi wa manispaa aliyepima barabara, akaazima utepe wa chuma.

"Wa nini, dada?"

"Nataka kupima pazia."

Utepe ulisema mita kumi na moja ziko penye fundo kavu. Hasa hapo, kama Lazhar alivyolifunga. Saluha alikaa chini kwenye udongo. Mama yake alimfundisha kuloweka halfa ili kuikunja, lakini halfa iliyolowa hujikunyata, na kuipima ikiwa imelowa hakuna aliyemfundisha, kwa sababu kambini hakuna aliyepima chochote kwa kamba. Miaka mitatu alikuwa akiisogeza penalti karibu na goli. Lazhar alikuwa akiitumia kavu. Kitu rahisi kama hicho, na hakuwahi kumuuliza. Lazhar alipokuwa hai, Saluha alidhani haloweki kwa kuwa kuloweka ni kazi ya wanaosokota.

Basi zile penalti za Ghazi, na dua, na maji mabaya ya ugenini, zote zilikuwa humu ndani ya ndoo yake.

Alibaki ameketi, jua likapanda. Mambo yalikuwa wazi kupita kiasi. Akichora penye alama ya zamani, hakuna atakayejua. Ghazi akipata penalti atafunga, timu itapanda, na chumba kitavunjwa. Akichora penye fundo, atakuwa amefanya haki. Na Ghazi, ambaye mguu wake umezoea shubiri tatu pungufu, huenda akakosa kama anavyokosa ugenini, na yeye Saluha ataendelea kulala chini ya ile alama ya mafuta mpaka kufa. Haki na faida yake zilisimama upande mmoja, na hilo ndilo lililomtia shaka. Mtu mwenye hasira angejua anataka nini. Hata mwenye hofu angejua. Yeye alijipapasa ndani kama anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uliotoboka.

Mwishowe alichora penye fundo. Sababu aliyoweza kuikamata ni moja: fundo lilikuwa la Lazhar, nalo lilisema kweli, na yeye alilifanya liseme uongo miaka mitatu. Lakini alipomimina chokaa alijua bado hajamaliza. Haki isiyotangazwa ilikuwa mtego, na ingemnasa mtu mmoja mbele ya mji mzima.

Saa tisa boza liliingia. Ghazi aliteremka na mpira wa maji begani, sigara sikioni.

"Shangazi! Mbona uso wa jiwe? Kesho tunapanda, kesho kutwa unatuona kwenye televisheni."

"Ghazi, njoo uone."

Alimwonyesha. Doa la zamani, alama mpya. Alieleza kwa maneno machache, kamba, ndoo, utepe. Ghazi alisikiliza akitabasamu, kisha tabasamu likabaki peke yake.

"Shangazi, wewe unataka nikose ubaki na chumba chako."

Alilisema kwa mzaha, lakini si wote ulikuwa mzaha. Saluha alimtazama.

"Ningetaka ukose, ningenyamaza."

"Penalti ni moyo, si kamba."

"Basi piga."

Alitoa mpira wa miguu ndani ya boza, akauweka penye alama mpya. Goli lilikuwa tupu, na yeye alilenga pembe yake ya siku zote, juu kushoto. Mpira ulipita juu ya mwamba, juu ya ukuta, ukaangukia barabarani, wakasikia kuku wa Fajria wakipiga kelele.

Saluha akaenda kuuleta. Wa pili uligonga mwamba. Wa tatu ukapita juu.

"Miaka mitatu," alisema Ghazi.

"Miaka mitatu."

"Na mimi nimemlipa shekhe wa Sidi Bouteffaha kuku wawili anifungue uchawi wa ugenini!" Alishika kichwa. "Kuku wawili, shangazi. Majogoo."

"Kamdai akurudishie."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Na Lazhar."

Ghazi alitazama upande wa chumba, kisha geti, kisha akamtazama yeye, na Saluha aliona kwamba ameelewa hesabu yote. Alikuwa kijana mwenye akili, ingawa hakupenda ijulikane. "Ukifuta na kurudisha pale pa zamani," alisema polepole, "mimi sitasema. Au ukiacha hapa na mimi nikakosa, pia..."

"Piga mpira, mwanangu. Jua linazama."

Alipiga hadi mwadhini alipoadhini magharibi. Saluha alikunja nguo yake, akaifunga kiunoni, akasimama nyuma ya goli kuokota. Mipira kama arobaini, labda zaidi. Mwanzoni ilipaa, baadaye ikashuka. Ghazi akajifunza kuegemea mbele, kuuchukua mpira chini zaidi. Kumi ya mwisho yote iliingia. Alipomaliza, Ghazi alinyunyizia uwanja kwa uangalifu, akizikwepa zile alama mbili kama mtu anayekwepa kaburi.

Siku ya mechi watu walijaa hadi juu ya ukuta. Saluha alikaa chumbani na Fajria, mlango umefungwa, birika jikoni. Nusu ya kwanza Mustaqbal ilishambulia kaskazini, na kupitia dirishani waliona yote: mguu wa Ghazi ukikosa mara mbili, golikipa wa Bir Zammour akilala na mpira kama mama na mtoto.

"Inuka, shetani wewe!" Fajria alimpigia kelele kupitia kioo. "Hapa si kwa mama mkwe wako!"

Nusu ya pili mchezo ukahamia kusini, wakabaki na sauti. Dakika zilikwenda. Bila kwa bila. Saluha alimenya vitunguu. Halafu ikaja kelele ambayo aliijua: kwanza ghadhabu, kisha kipenga kirefu, kisha furaha iliyojishika koo.

"Nini? Nini?" alisema Fajria.

"Penalti."

"Yetu?"

"Yetu."

Uwanja ukanyamaza. Katika miaka thelathini na mmoja Saluha hakuwahi kusikia kimya kama hicho. Alisikia birika, alisikia chokaa ya ukuta ikipumua. Alijaribu kutaka kitu. Iingie. Isiingie. Aliyasema maneno yote mawili moyoni, moja baada ya jingine, na yalikuwa na uzito sawa, kama vitunguu viwili. Aliona tu mguu wa Ghazi, mwili ukiegemea mbele, jinsi alivyoufunza jana.

Kioo cha dirisha kilitetemeka kabla kelele haijafika. Kipande cha lipu kilianguka kutoka darini, kikatua ndani ya gilasi ya chai.

Fajria alikuwa amesimama juu ya kitanda. "Saluha! Tumepanda! Piga kigelegele, mwanamke, umepatwa na nini?"

Saluha alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka, pumzi tu. Akakifunga. Fajria akapiga viwili, kimoja chake na kimoja cha mwenzake.

Walibomoa mwezi wa saba. Ghazi ndiye aliyekuja kuhamisha vitu, ingawa alishasaini na timu ya mji mkuu na alikuwa anaondoka Jumatatu.

"Kwenye boza abiria hawaruhusiwi," alisema, "lakini godoro halina kitambulisho."

Alifunga godoro, kabati na birika juu ya tangi. Kamba aliishika mkononi kwa muda.

"Nipe hii, shangazi. Niende nayo."

"Utaiweka wapi, Ghazi? Huko hakuna halfa. Itaoza."

Akaitundika shingoni kwa Saluha, kama shada. Tingatinga lilianza na ukuta wa kitanda. Saluha alitazama hadi ile alama ya mafuta ilipokunjika na kwenda chini. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu.

Kwa Hafsia alipewa chumba cha juu, kisafi, chenye dirisha linalotazama mlima. Uwanjani walileta nyasi na mashine ya magurudumu inayochora kwa rangi. Mtu huisukuma tu, hata hachafui mikono.

Septemba, mechi ya kwanza ya ligi kuu, alikwenda na kadi yake. Hafsia alimsindikiza, wakaketi kwenye viti vipya vya plastiki, wanawake wawili kati ya maelfu ya wanaume, na mtu mmoja akawasogezea gazeti wakalie. Chumba cha waandishi kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Dakika ya ishirini wageni walifunga, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Saluha aliona mpira ukiingia goli la kusini. Aliona jinsi wavu unavyovimba. Hakujua kwamba unavimba hivyo.

"Mbona hulii?" Hafsia alimwuliza. "Watu wote wanalia."

Saluha alikuwa anatazama ile alama ya penalti, nyeupe juu ya kijani, na kuipima kwa jicho. Ilikuwa sawasawa. Kisha akatazama viganja vyake mapajani. Zile nyufa zilikuwa zimeziba, zote, bila yeye kuona zilianza lini. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtu mwingine. Alipitisha kidole gumba juu yake, mara moja, mara mbili, akitafuta pale palipokuwa pakiwasha. Mechi ilipokwisha alikuwa bado anatafuta.